Jua la Ukambani ni dawa, lakini lina saa zake

Wakamba wana majina ya kuienzi mvua. Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Wambua akiwa mvulana, na Mumbua akiwa msichana. Jua halikupata bahati kama hiyo. Ukitembea Kitui au Makueni utalisikia likilaumiwa kutwa: limekausha mito, limeunguza mahindi, limewakondesha ng'ombe. Lawama hizo ni za haki. Lakini safari ya siku moja kutoka Kibwezi hadi mjini Kitui itakuonyesha kwamba jua hilo hilo ni dawa ya bure katika kila ua, mradi mtu azijue saa zake.

Anza safari asubuhi. Kibwezi iko kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kati ya Makindu na Mtito Andei, katika nchi ya mibuyu na mkonge. Hapa uko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo mwaka mzima jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu na kupanda upesi.

Wazazi wengi husema jua bora ni lile la saa moja. Kweli, jua hilo hupasha mwili joto, ila miale inayoiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D bado ni haba wakati huo. Huongezeka jua likipanda. Kati ya saa mbili na nusu na saa tatu na nusu, mtoto akicheza nje robo saa hadi nusu saa, mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa juma, atapata faida bila kuungua. Ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi kuliko nyeupe. Na usimweke nyuma ya dirisha ukidhani umemwotesha jua, maana kioo huizuia miale hiyo.

Bila vitamini D mwili haufaidi kalsiamu iliyomo katika chakula. Mifupa ya mtoto hulegea na miguu ikapinda, ndio ugonjwa wa matege. Mtoto anayekimbizana na mbuzi huku Makueni hayumo hatarini sana kama binamu yake anayeshinda ndani ya chumba chenye giza jijini Nairobi. Kwa hivyo unapomleta kwa nyanya yake wakati wa likizo, usimfungie ndani na televisheni. Lakini mtoto mchanga mwenye macho ya manjano hatibiwi kwa jua la nyumbani. Huyo mpeleke hospitali.

Mahindi na maji

Kufikia saa nne utakuwa njiani kuelekea mto Athi, ambao ni mpaka wa Makueni na Kitui. Ukipita wakati wa mavuno, utaona mahindi yameanikwa. Tazama vizuri yameanikwa juu ya nini.

Mwaka 2004 mahindi ya sehemu hizi yalivunwa huku mvua ikinyesha nje ya majira yake. Watu wengi waliyaweka ndani ya nyumba yakiwa bado na unyevu. Yakaota ukungu, nao ukungu ukatoa sumukuvu, ile iitwayo aflatoksini, ambayo huharibu ini. Kufikia Julai mwaka huo wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walifariki. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba isiyokaushwa iliua.

Basi, anika mahindi juu ya turubai au kitanda cha miti, si juu ya udongo, na uyaanue kabla ya umande. Ili kujua kama yamekauka, tia punje chache na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, utikise, usubiri robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, yarudishe juani. Hata isipogandamana, ongeza siku moja au mbili za jua, kwani unyevu ulio salama ni kama asilimia 13. Na ujue kwamba jua huzuia ukungu usiote, lakini haliondoi sumu iliyokwisha kuingia. Mahindi yaliyooza hayafai kwa muthokoi, wala kwa kuku.

Jua husafisha maji pia. Mwaka 1996 jarida la udaktari la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa kwa watoto 206 wa Kimaasai hapa Kenya. Wale walioweka chupa zao za maji juu ya paa waliharisha kidogo kuliko wenzao walioziweka ndani. Chukua chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uijaze maji maangavu na kuilaza juani saa sita. Siku ya mawingu, iache siku mbili. Maji ya matope uyachuje kwanza.

Saa ya kukimbilia kivuli

Ukivuka Athi barabara hupanda uwanda wa Yatta, ulioumbwa na volkeno na wenye urefu wa kilomita 290 hivi. Huko, karibu saa sita na nusu, jua hufika kileleni. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba husimama wima kabisa, na kivuli chako hujikunyata chini ya nyayo. Saa hizo jua si dawa tena. Huchochea mtoto wa jicho, huleta kizunguzungu na kumkausha mtu maji mwilini. Kunywa maji kabla hujaona kiu. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa, mweke kivulini, mpoze kwa maji, umpeleke hospitali haraka.

Anayeumia zaidi ni mtu mwenye ualbino, ambaye ngozi yake haina rangi ya kuikinga, na saratani ya ngozi humnyemelea tangu utotoni. Yeye ahitaji kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kukinga jua kila siku. Mwalimu, usimsimamishe gwarideni saa sita wala usimvue kofia kwa sababu si sare.

Ukipita Ikutha na Mutomo utafika Kitui jioni, bado kuna mwanga wa kutembelea jiwe la Nzambani. Hadithi husema anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Ukitaka kujaribu, jaribu sasa, si saa saba mchana!

Usipokuwa na saa mkononi, tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, kaa juani bila wasiwasi. Kikiwa kifupi kuliko wewe, waachie jua mahindi na chupa za maji, nawe utafute mti.