Nani Alivuka Uwanja

Nyalikungu ukikaa na wazee zaidi ya nusu saa, mazungumzo yanaweza kuanza na mvua au bei ya pamba, lakini mwisho wake ni mbina. Mbina ni ngoma kwa Kisukuma, ila neno ngoma peke yake halitoshi. Wazee wanaposema "ile mbina" wanamaanisha shindano moja maalumu, la mwaka fulani, kwenye uwanja fulani, na kila mmoja anaapa kwamba alikuwepo. Ukiwahesabu wote wanaosema walikuwepo unaweza kujiuliza uwanja uliwabeba vipi.

Jambo hili si la Wasukuma peke yao. Agosti 15, 1965 The Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Waliohudhuria wamekuwa wakisimulia siku hiyo maisha yao yote, na kitu kimoja wanachokubaliana ni kwamba muziki wenyewe hawakuusikia vizuri. Makelele ya mashabiki yalizidi vipaza sauti. Sasa jiulize: mtu anayesimulia tamasha ambalo hakulisikia, anasimulia nini hasa?

Swali hilo nimetembea nalo tangu babu yangu mzaa baba alipofariki na familia ikanikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Si unajua, ukiwa mwandishi wa habari kwenye ukoo, kadi za harusi ni zako, risala ni zako, na wasifu wa marehemu ni wako. Kuzaliwa, shule, ndoa, watoto, ugonjwa. Nilifika kwenye ndoa nikakwama, kwa sababu ndoa ya babu na bibi ilianzia kwenye mbina, na ile mbina ina hadithi mbili.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, kwa msomaji ambaye hajafika Usukumani wakati wa mavuno.

Ngoma za Kisukuma zimegawanyika pande mbili kubwa: Bagika na Bagalu. Asili yake inarudishwa nyuma hadi karne ya 19, kwa wachezaji wawili mahasimu, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alikuwa fundi wa kucheza na fundi wa dawa. Wafuasi wao wakawa vyama, vyama vikawa urithi. Mtu anazaliwa upande fulani au anaingizwa, na akishaingia ameingia. Ukitaka picha ya haraka fikiria Simba na Yanga, halafu ongeza waganga wanaofanya kazi yao waziwazi.

Shindano lina kanuni moja ambayo mimi naiona ni ya ajabu kuliko zote nilizowahi kukutana nazo katika muziki. Vikundi viwili havipokezani. Vinacheza kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, kimoja upande huu na kingine upande ule, na watu wako huru kwenda watakako. Hakuna meza ya majaji. Mshindi ni yule aliyevuta umati. Ningi, yaani kiongozi anayetunga na kuimbisha, anaweza kuwa na watu elfu saa nane mchana na kufikia saa kumi akabaki na mkewe na wapiga ngoma. Ndiyo maana kila kikundi kinakuja na vituko: chatu, majembe yanayorushwa juu na kudakwa, vinyago, sarakasi, matusi ya kuimbwa kwa ustadi. Na dawa ya mvuto, ambayo kazi yake ni kuifanya miguu ya mtu imsaliti mwenye nayo.

Kwa hiyo mtazamaji wa mbina hawezi kuwa mtazamaji tu. Akisimama anapiga kura. Akivuka uwanja anabadilisha kura yake, na anabadilisha mbele ya ndugu, majirani na wakwe.

Babu alikuwa Mgalu. Bibi ni Mgika, na nasema "ni" kwa sababu yupo hai na angenisahihisha. Walikutana mwaka mmoja au miwili kabla ya uhuru, msimu wa pamba ulipoisha. Ile ilikuwa miaka ambayo vyama vya ushirika vya wakulima, chini ya shirikisho la Victoria lililoongozwa na Paul Bomani, vilikuwa vimeshika biashara ya pamba, na vijana wa Maswa walikuwa na senti mfukoni baada ya mauzo. Senti ikipatikana, baiskeli inanunuliwa, na baiskeli ikinunuliwa hakuna mbina iliyo mbali.

Toleo la babu nimelisikia tangu nikiwa mtoto. Yeye alikuwa upande wa Bagalu, jua limeanza kulala, na kule ng'ambo akamwona msichana amefunga kitambaa chekundu. Msichana akamtazama. Kisha msichana akaacha kundi lake, akavuka uwanja mbele ya watu wote, akaja kusimama karibu naye. "Nilimvuta," babu alikuwa akisema, na alikuwa akicheka kwa namna ambayo hujui kama anazungumzia mapenzi au dawa.

Toleo la bibi ni fupi. "Mimi sijawahi kuvuka uwanja. Yeye ndiye alivuka."

Walibishana hivyo kwa zaidi ya miaka sitini. Kwenye harusi zetu, wakati wa Krismasi, wakimenya viazi vya michembe uani. Wageni walidhani ni utani wa wazee. Lakini sisi tuliokulia pale tulijua kuna mpaka ambao hakuna aliyekuwa tayari kuusogeza. Kwa Mgalu, kusema alihamia kwa Bagika kwa sababu ya msichana ni aibu ya kikundi kizima. Na kwa bibi, kusema alivutwa ni kukubali kwamba alitendewa, kwamba maisha yake yote, watoto saba na mashamba na misiba, yalianza na dawa ya mtu mwingine.

Babu alipofariki, bibi akabaki na toleo lake bila mpinzani. Ningeweza kuliandika tu. Lakini uandishi wa habari umenifundisha kwamba shahidi anayebaki peke yake ndiye unayetakiwa kumhakiki zaidi. Tulikuwa na siku mbili kabla ya mazishi. Nikaanza kuuliza.

Fundi baiskeli mmoja karibu na stendi, mzee wa makamo ya babu, alisema alikuwepo. Anachokumbuka ni chatu. Chatu alichoka, akakataa kuzunguka shingoni mwa mchezaji, akajivuta polepole kuelekea umati na watu wakakimbia kama maji. "Siku hiyo kila mtu alivuka uwanja," aliniambia. "Nyoka hachagui Mgika wala Mgalu."

Mama mmoja anayeuza dagaa sokoni hakuwa amezaliwa. Alisema hivyo mwenyewe, halafu akanisimulia kila kitu, kwa sababu mama yake alikuwa amemsimulia. Katika simulizi hiyo hakuna nyoka. Kuna njaa. Walitembea kutoka upande wa Lalago tangu usiku, wakiwa na matobolwa yaliyofungwa kwenye khanga, na kufika wakakuta mbina imeshapamba moto. Mama yake hakukumbuka wimbo hata mmoja. Alikumbuka vumbi, jinsi lilivyopanda hadi jua likawa jekundu, na jinsi mguu wake mmoja ulivyochubuka.

Mwalimu mstaafu, mtu wa vitabu, ndiye pekee aliyenipa maneno ya nyimbo. Alikuwa na hakika ni za siku ile. Aliziimba kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa sasa ni mtu wa kwaya. Nilipomuuliza kama aliwaona babu na bibi alicheka. "Mwandishi, pale kulikuwa na vijana mia tatu na kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake wa ng'ambo. Unadhani watu walitembea usiku kucha kwa ajili ya ngoma tu?"

Jioni ya kwanza nilikuwa na daftari limejaa na jibu sina. Hakuna picha ya ile mbina. Hakuna kanda. Baba yangu, ambaye ni mtu wa dansi, alinionea huruma. Yeye shujaa wake ni Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Januari 1979 kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, na baba hakuwahi kumwona kwa macho. Alimsikia kwenye redio tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, akiwa kijana anayechunga ng'ombe. "Wa kwangu naweza kumrudia," aliniambia. "Nikitaka nyimbo zake ninazo kwenye simu, na zinasema vilevile kila siku. Wa babu yako walikwenda na vumbi."

Lakini nilipoipitia daftari usiku ule, niliona kitu. Kwenye kumbukumbu za baba kuhusu Mbaraka, hakuna watu wengine. Yupo yeye, redio na ng'ombe. Kwenye kumbukumbu za mbina hakuna mtu aliyekuwa peke yake. Kila mmoja, hata huyu wa dagaa ambaye hakuzaliwa, alijua alisimama karibu na nani, alimkimbilia nani, alirudi na nani. Wimbo umesahaulika na mahali pa kusimama pamebaki. Nadhani kanuni ya mchezo ndiyo iliyofanya hivyo. Ukiambiwa kwamba mwili wako ni kura, utakumbuka uliuweka wapi.

Asubuhi yake baba mdogo akanijia. Yeye ni mzee wa kanisa, mtu mpole, na alikuwa amesikia ninavyozungukazunguka.

"Mwanangu, hayo mambo ya mbina yaache. Andika walifunga ndoa, basi."

"Baba mdogo, babu mwenyewe aliyasimulia maisha yake yote."

"Aliyasimulia nyumbani. Kesho atakuwepo mchungaji. Ukitaja Bagalu umetaja dawa. Unataka baba yangu azikwe kama mganga?"

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Watu wengi wanaposikia Wasukuma na ngoma wanarukia haraka kwenye uchawi, na kizazi cha baba mdogo kimetumia nguvu nyingi kutoka kwenye kivuli hicho. Hata hivyo, ngoma hizi zilishapata mahali kanisani. Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza, padri David Clement alianzisha makumbusho ya Wasukuma na kuziingiza ngoma kwenye sikukuu ya Bulabo, na hadi leo Bagika na Bagalu wanashindana huko mwezi Juni. Nilimwambia hivyo. Akajibu kwamba Bujora ni ya Wakatoliki. Nikaona mjadala huo hauishi siku hiyo.

Nikaenda kwa bibi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na wanawake wenzake, wamemzunguka kama desturi. Nikachuchumaa.

"Bibi, nataka kuandika jinsi mlivyokutana na babu. Niandike nani alivuka?"

Alinyamaza kitambo kirefu. Mmoja wa wale wanawake akaanza kunikemea kwamba si wakati wake, bibi akamzuia kwa mkono.

"Andika la kwake," alisema.

"La kwake? Kwamba wewe ndiye ulivuka?"

"Leo ni siku yake. Andika la kwake. Langu utaliandika siku yangu."

Sijawahi kupewa maelekezo ya uhariri yaliyo bora kuliko hayo. Siku iliyofuata, mbele ya jeneza, mchungaji, baba mdogo na watu ambao sikuweza kuwahesabu, nilisoma kwamba marehemu alikutana na mkewe kwenye mbina, kwamba yeye alikuwa Mgalu na mkewe Mgika, na kwamba kwa mujibu wa marehemu, mkewe ndiye aliyevuka uwanja. Niliyasoma haya maneno "kwa mujibu wa marehemu" polepole. Kulikuwa na ukimya, kisha wazee wa nyuma wakaanza kucheka, kicheko cha msibani kile cha kukohoakohoa, na mzee mmoja akasema kwa sauti, "Ng'wanawane, huyo alivuka yeye, nilikuwepo!" Mwingine akamjibu, "Ulikuwepo wapi wewe, ulikuwa unachunga!" Baba mdogo alitazama chini, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Bibi hakucheka. Alikuwa amekaza macho kwenye jeneza kama mtu anayesubiri jibu.

Tangu siku hiyo watu hawajaacha kuniletea ushahidi. Nikifika Nyalikungu, hata nikishuka kwenye basi tu, kuna mtu ana neno. Daftari langu sasa lina mashahidi kumi na mmoja. Watano wanasema babu alivuka, wanne wanasema bibi, mmoja anasema walikutana katikati, na fundi baiskeli anaendelea na nyoka wake. Bibi ananiuliza kila mara hesabu imefika wapi. Nikimwambia, anatikisa kichwa na kusema wabeja, asante, halafu ananiagiza nimtafute mtu mwingine, fulani wa upande wa Malampaka, ambaye kama bado yupo atakuwa anajua.