Kuiandikia Kompyuta Amri kwa Ajili ya Daftari la Mahudhurio

Katika bonde la Kilombero, msimu wa mpunga unapoanza, madarasa huanza kupungua. Jamaa nyingi huhama vijijini na kukaa mashambani hadi mavuno, wakilinda mpunga katika madungu, na baadhi ya watoto hufuatana nao. Shuleni hubaki alama tu katika daftari la mahudhurio.

Alama hizo zina faida pale tu zinapohesabiwa mapema. Darasa la watoto 80 hujaza visanduku 400 kwa juma moja, na 1,600 kwa majuma manne. Mwalimu anayevihesabu kwa kidole mwisho wa mwezi aghalabu hugundua utoro wakati mtoto amekwisha kupitwa na mada nzima. Ndiyo sababu sisi tunaofundisha ualimu hapa Ifakara twaona yafaa mwalimu mtarajiwa ajifunze kuiandikia kompyuta amri.

Tulipoanza kulifundisha jambo hili, wanachuo wengi waliliogopa lile dirisha jeusi lisilo na picha. Hata hivyo, kazi yake ni nyepesi kueleza. Ndani yake mna programu iitwayo sheli, ambayo husoma mstari wa amri, huutekeleza, kisha hungoja mwingine. Amri zikiandikwa katika faili moja, sheli huzitekeleza zote kwa mfuatano, leo na kila tutakapotaka. Zana hizi ni za siku nyingi. Mfumo wa Unix ulianzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, na sheli ya Bash iliyotungwa na Brian Fox ilitolewa mwaka 1989. Hupatikana bure pamoja na Linux, na hutumika hata katika kompyuta kuukuu isiyo na intaneti.

Natuchukue mfano wetu. Kila juma mwalimu huandika faili moja: juma1.txt, juma2.txt, na kuendelea. Kila mtoto asipofika, namba yake ya daftarini huandikwa katika mstari wake peke yake. Kisha, katika faili iitwayo hesabu.sh, iliyo katika folda hiyohiyo, huandikwa mstari huu:

sort juma*.txt | uniq -c | sort -nr

Amri ya kwanza hukusanya namba za majuma yote na kuzipanga ili zinazofanana zikae pamoja. Ya pili huhesabu kila namba imetokea mara ngapi. Nayo hulinganisha mistari inayofuatana tu, ndiyo maana kupanga hutangulia. Ya tatu huweka juu namba yenye hesabu kubwa zaidi. Kistari cha wima hupitisha matokeo ya amri moja kwenda kwa inayofuata, kama maji yatokavyo jaruba moja na kuingia jingine. Mwalimu akiandika bash hesabu.sh, orodha hutokea mara moja.

Mwanachuo atatambua kwamba hili ni andalio la somo kwa sura nyingine. Kazi hugawanywa katika hatua ndogo, na kila hatua huitayarisha ifuatayo. Tofauti ni kwamba mtoto huweza kukisia nia ya mwalimu, bali kompyuta hufuata herufi zilizoandikwa. Twatumia namba badala ya majina kwa sababu jina likiandikwa kwa tahajia mbili huhesabiwa kuwa watoto wawili. Tena, amri ya rm hufuta faili bila kuiweka mahali pa kuokotwa. Basi nakala ya daftari ihifadhiwe kwanza.

Hesabu ikionyesha kwamba mtoto fulani amekosa siku 9, kompyuta imemaliza kazi yake. Haijui kama mtoto huyo anafukuza ndege mpungani, ni mgonjwa, au anamtunza mdogo wake. Kulijua hilo ni kazi ya mwalimu, naye sasa anazo saa za kwenda kumwona mzazi kabla ya mada kupita.

Kwa kuanzia, mwanachuo aandike faili mbili fupi zenye namba 10 kila moja, ahesabu kwa mkono, kisha alinganishe na jibu la sheli. Asiitumie kwa darasa lake mpaka majibu hayo mawili yapatane.