Vidole vya Mama

Desemba 2019 nilirudi Bugarama kwa likizo ya chuo nikiwa na riwaya ya George Orwell, 1984, kwenye simu. Nilikuwa nimefika pale Winston anapojibanza kwenye kona ya chumba ili skrini ya ukutani isimwone akiandika shajara. Mama akaniita.

"Mwanangu, acha hiyo simu, nisindikize kwa wakala. Wanasema laini zitafungwa."

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulikuwa umeanza Mei. Mwisho ulikuwa 31 Desemba, kisha Rais Magufuli, siku aliyosajili laini yake kule Chato, akaongeza siku 20. Wakala wetu alikaa chini ya mwamvuli karibu na stendi. Winston angeiona ile mashine akatoka mbio. Sisi tulisukumana kuiwahi.

Mama ni mtu wa kinu, na si kinu cha mahindi. Anatwanga mawe ya dhahabu kwa mchi wa chuma, anachekecha unga wake, anaupeleka mwaloni kuoshwa. Mawe yamemla vidole mpaka ncha zake zinateleza kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Alama za kitambulisho cha taifa alichukuliwa miaka kadhaa kabla, alipokuwa bado anauza mahindi.

"Mama, weka dole gumba." Mashine ikakataa. "Weka kingine." Ikakataa. "Kanawe, ujaribu na ndimu." Akaenda kwa muuza mihogo akaomba nusu ndimu, akasugua, akajifuta kwenye khanga. Vidole vyote kumi, mara tatu. Foleni ikaanza kuguna. Kijana mmoja nyuma yetu akasema kwa sauti, "Labda kitambulisho chenyewe si chake."

Mama hakumjibu. Aliangalia mikono yake, kisha akaifunika kwa khanga.

Usiku ule nilijaribu kuendelea na Orwell nikashindwa. Kitabu chake cha 1949 na kile cha Aldous Huxley cha 1932, ambamo watoto hutengenezwa kwenye chupa na kupangiwa tabaka kabla hawajazaliwa, vinaogopa jambo moja: dola inayokujua kupita kiasi. Hofu hiyo si ya kubuni. Jirani zetu Kenya, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande chenye alama za vidole, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni, ili anayetoroka kazi ya mzungu akamatwe. Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 chini ya serikali ya Moi, aliandika Walenisi (1995), ambamo Dzombo anahukumiwa kufa ndani ya chombo cha kurushwa angani, naye akajifunza kukiendesha. Nampenda Mkangi kwa hilo. Lakini hata Dzombo, chombo kilimpokea. Mama yangu alikuwa anaibembeleza mashine imwone.

Sisemi usajili haukuwa na sababu. Matapeli walitusumbua mno, ingawa "ile hela tuma kwenye namba hii" inaingia kwenye simu yangu mpaka leo. Ninachojua ni kwamba laini ile ndiyo iliyobeba upatu wake, wateja wake wa marudio, na nauli yangu ya kurudi chuo. Ikifungwa, angebaki na kinu tu.

Siku mbili kabla ya 20 Januari tulirudi kwa wakala. Nikaweka kidole changu mimi. Mashine ikanikubali mara moja, hata ndimu haikuhitajika.

Tangu hapo, Mama akituma pesa linatokea jina langu. Tulicheka mwanzoni. Mwaka jana alifiwa jirani, michango ikakusanywa kwa simu, na jioni mweka hazina akasimama kuwasoma waliotoa. Nilikuwepo. Alisoma jina langu, watu wakageuka kunitazama, mwanafunzi asiye na kazi aliyetoa shilingi elfu ishirini. Wazee wakanipongeza.

Mama alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenzake. Jirani yake akamuuliza kwa kunong'ona, "Na wewe mama, hujajaliwa?"

"Bado," akasema, akaendelea kuchambua mchele.