Mashine ya Mkate na Mkono wa Mama

Sisi watoto wa nyumba hii tuko wanne, na sote tumesomeshwa kwa mkate wa mahindi. Baba yetu alipofariki, Mama aliweka meza ndogo barazani, hapa hapa Tanga, akawa kila siku alasiri anauza mkate aliouoka kwa mkaa: sufuria juu ya jiko, kifuniko cha bati juu ya sufuria, na makaa mengine juu ya kifuniko. Ada, madaftari, sare na viatu vya sikukuu vilitoka katika sufuria ile. Watu wa mtaa waliutambua mkate wake kwa harufu ya tui na iliki kabla hawajauona.

Mwaka juzi Mama alipatwa na kiharusi. Alhamdulillah, ulimi wake ulirudi, na kwa mkongojo anatembea. Lakini mkono wa kulia ulibaki mzito, haushiki mwiko wala haukandi. Nasi tukafanya kile tulichokiona kuwa ndio wema: tukamwekea kiti cha starehe sebuleni, tukamkataza jiko. Kila alipotaka kunyanyuka, mmoja wetu alimwahi: "Mama, kaa upumzike, umeshafanya kazi ya kutosha." Maneno hayo tuliyasema kwa mapenzi, na hatukuona jinsi yalivyokuwa yakimfungia mlango.

Ramadhani iliyopita kaka yetu aliyeko Muscat alituletea mashine ya kuoka mkate. Ndani yake mna chombo cha kuokea, chini ya chombo kijiti cha chuma kinachozunguka na kukanda, na juu kuna safu ya vitufe. Mtu hutia vitu vyote, akachagua aina ya mkate, akaondoka. Mashine hukanda, huacha unga uumuke, kisha huoka yenyewe. Tukakubaliana kumfurahisha Mama wakati wa futari: ale mkate wake wa mahindi bila ya yeye kunyanyua hata kijiko.

Tukapima unga wa mahindi mtupu, tukatia hamira kama ya maandazi, tukabonyeza kitufe cha mkate wa kawaida. Baada ya saa tatu na ushei tukafunua. Kilichotoka kilikuwa tofali: kigumu pembeni, kibichi katikati, na kwenye pembe za chombo umebaki unga mkavu usioguswa na maji. Tulifuturu kwa tende, uji na mihogo ya nazi, na lile tofali tukalificha jikoni.

Mama alilikuta. Tuliporudi kutoka tarawehe tulimwona amekaa juu ya kigoda, pande la mkate limo katika mkono wake wa kushoto.

"Nani aliyetia hamira kwenye mahindi matupu?" akauliza.

Tukanyamaza.

"Mahindi si ngano, wanangu. Ngano huvutika, mahindi hayashikani. Mmeyasubirisha yaumuke, nayo hayana cha kuumukia."

Alikuwa amesema kwa maneno machache jambo ambalo wataalamu wa vyakula hulieleza kwa maneno mengi. Ngano ina gluteni, protini inayojenga kitu mfano wa wavu pale unga unapokandwa, na wavu huo huishika hewa inayotolewa na hamira. Mahindi hayana wavu wa namna hiyo. Hewa hupita na kupotea, na unga hubaki umelala. Ndiyo maana mkate wa mahindi hutaka mayai, ngano kiasi, na beking pauda inayofanya kazi upesi, kisha uingie motoni bila ya kungojeshwa.

Dada yetu mkubwa akamwambia, "Haidhuru, Mama. Usijisumbue, tutajifunza wenyewe."

Hapo Mama akaliweka chini lile pande. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akasema. "Mimi mmenifanya mgeni mwaka mzima katika nyumba yangu, na jembe hamnipi."

Usiku ule hatukulala upesi. Dini imetufunza kuwatendea wema wazazi wetu, nasi tulidhani tumetimiza. Tulikuwa tumempunguzia Mama mzigo, na pamoja na mzigo tukamwondolea cheo chake.

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, tulikiweka kigoda chake mbele ya mashine. Yeye akatoa amri, sisi tukapima. Vitu vya majimaji vilitangulia: tui zito kikombe 1, mafuta robo kikombe, mayai 2 yaliyopigwa. Kisha sukari robo kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai na iliki iliyotwangwa. Mwisho unga wa mahindi kikombe 1, unga wa ngano kikombe 1 na robo, na beking pauda vijiko 4 vya chai. Alituuliza kama uniti za LUKU zinatosha, kwani umeme ukikatika katikati mkate huharibika. Akachagua kitufe cha keki, kisichokuwa na muda wa kuumua, akakibonyeza mwenyewe kwa kidole cha mkono wa kushoto. Mashine ilipokuwa ikichanganya, alituamrisha tukwangue pembe za chombo kwa mwiko wa mpira, ili usibaki unga mkavu.

Kwa kuwa tulikuwa tumefunga, hakuna aliyeonja. Mama aliupima kwa kunusa, na kwa njiti iliyochomwa katikati ikatoka kavu. Haukuwa sawa na mkate wa sufuria. Uso wake ulikuwa mweupe, kwa sababu mashine haina makaa ya juu, na Mama alilisema hilo kabla yetu. Lakini ulikuwa laini, umekaa vizuri, na ulipokatwa haukumomonyoka.

Vipande vya kwanza hatukuvila sisi. Mama aliagiza vipelekwe kwa majirani watatu, kila kimoja katika sahani yake. Tangu augue, sahani zilikuwa zikiingia nyumbani kwetu kwa huruma, nasi tukizirudisha na maneno ya shukrani tu.

Mkono wake wa kulia bado haujarudi, na huenda usirudi. Hilo ni la Mola. Mashine tumeihamishia kwenye meza fupi, karibu na kigoda, mahali anapopafikia. Wenzetu wenye wazazi waliodhoofika tungewaomba wajiulize ni kazi gani mzazi bado anaiweza, wamwachie hiyo, hata ikiwa ni kubonyeza kitufe tu.

Na siku ile, kabla ya isha, sahani zetu tatu zilirudi. Katika mtaa wetu sahani hairudi tupu: moja ilikuja na kalimati, ya pili na sambusa, ya tatu na maembe. Mama alizipokea mwenyewe mlangoni.