Umeona Nini Leo?

Nyumbani kwa mama mdogo, Kashikishi, wilaya ya Nchelenge nchini Zambia, hatukusali jioni kabla ya kila mtoto kujibu swali moja: "Umeona nini leo?" Alianza na mdogo kuliko wote. Ukisema hukuona kitu, alikurudisha ulikotoka: ulipita njia gani, ulimkuta nani ufukweni, mtumbwi wa nani ulikuwa haujarudi, upepo ulikuwa unatoka wapi.

Tulifika kwake mwishoni mwa mwaka 2000, vita vilipoingia Pweto, upande wa Kongo, na watu wakavuka kwenda Zambia kwa maelfu. Wengi walipelekwa kambi ya wakimbizi ya Kala, Kawambwa. Sisi tulikuwa na ndugu Nchelenge, tukabaki kando ya ziwa Mweru, tukisema Kiswahili cha Katanga ndani ya nyumba na Kibemba sokoni. Mama mdogo alikuwa amelelewa ng'ambo ya ziwa, Luanza, kwenye misheni aliyoianzisha mmisionari Dan Crawford miaka ya 1890. Biblia yake aliifunga kwa kipande cha kitenge. Alipenda tukariri mistari, lakini alisema mtoto anayejua mistari asijue kuangalia ni taa iliyokosa mafuta.

Taa tulizijua. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa chisense walitoka na karabai zao, kwa sababu visamaki vile hufuata mwanga, na kutoka ufukweni tuliziona zikienea hadi upande wa kisiwa cha Kilwa. Basi mama mdogo alipotusimulia habari za wale wanawali kumi wa mfano wa Yesu, waliomngoja bwana harusi na taa zao, hakuhangaika kueleza harusi za Wayahudi. Alitupeleka kwa jirani yetu mvuvi saa kumi alasiri, jua likiwa bado kali. Jirani aliinyanyua karabai, akaitikisa karibu na sikio ili asikie mafuta yaliyobaki, akaifungua, akaongeza, akaipiga pampu, akaiwasha mchana kweupe, kisha akaizima. Mama mdogo akatuuliza kwa nini mtu awashe taa wakati anaona vizuri. Tulikaa kimya muda mrefu. Hakutupa jibu, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Maji nayo yalikuwa na somo lake. Mweru, upande wetu wa kusini, lina kina kifupi. Upepo ukivuma mawimbi husimama ghafla, na kwenye matete kuna mamba. Sheria yake ilikuwa kwamba hakuna mtoto anayekwenda kuteka maji peke yake. Mmoja anainama na ndoo, mwingine anasimama nyuma yake akiyatazama maji, hasemi hadithi, hachezi. Halafu wanabadilishana. Yesu kule Gethsemane, alituambia, aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Kwa hiyo tulikua tukijua kwamba kukesha ni kazi unayomfanyia mwenzako. Woga haukuwa na nafasi kubwa katika mafundisho yake. Mtoto mwenye woga, alisema, hutazama miguu yake tu.

Hatari nyingine ilikuja kwa miguu miwili. Uvuvi hufungwa tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Machi ziwa likifunguliwa, fedha zinarudi, na wafanyabiashara pamoja nazo. Wengi walikuwa watu wema. Wengine walikuwa na maneno matamu kwa wasichana. Mmoja alikuja nyumbani, akasali vizuri sana, akaahidi kumchukua dada yangu, binti wa mama mdogo, akasome mjini. Dada akapiga magoti kama adabu inavyotaka, kisha akauliza: shule hiyo inaitwaje? Nani mwingine anakaa katika nyumba hiyo? Na kwa nini umeniambia mimi juzi, kabla hujamwambia mama?

Wazee waliokuwapo walikasirika. Mtoto amhoji mgeni! Mama mdogo akawakumbusha kwamba Yesu, akiwa na miaka 12, alikutwa hekaluni katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Na kwamba Luka anasema aliendelea kukua katika hekima. "Ikiwa Yesu alikua katika hekima, huyu wa kwangu ataipata wapi bila kuuliza?" Mgeni alisema ataleta majibu. Hakurudi.

Naamini makanisa yetu mengi yamewafundisha watoto kutii kuliko kupambanua, na mtoto anayejua kutii tu yuko mikononi mwa yeyote mwenye sauti ya mkubwa.

Mwaka 2017 Wakongo wakaanza tena kuvuka kwa wingi, wakapokelewa kwenye kituo cha Kenani, na baadaye wakahamishiwa makazi ya Mantapala. Mama mdogo, wakati huo akiwa mzee, alikwenda nasi huko kuwafundisha watoto. Swali lake la zamani hakuliuliza. Wale walikuwa wameona mengi mno. Aliuliza, "Nani anaangalia pamoja nawe?" Wachache walitaja jina. Akawapanga wawili wawili, mkubwa na mdogo, wajuane majina na njia ya kisimani, kabla hajawafundisha wimbo wowote.