Nyimbo za Kuagana

Mwaka 1987, tulipokuwa tukimaliza kidato cha nne, darasa letu lilitukabidhi kazi tuliyoiona ndogo: kumtafutia kila mwanafunzi wimbo wa dansi unaomfaa, na kuisoma orodha mbele ya wote jioni ya kuagana. Tulipewa sisi kwa sababu tulikuwa tumeanza kujulikana kwa kutunga mashairi. Na mshairi mchanga hupenda makofi kuliko chakula.

Nyimbo hazikuwa mbali. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyoyalea masikio yetu. Kilichopigwa huko jioni kiliimbwa bwenini usiku uleule. Mwenzetu aliyekuwa hachoki kumwandikia nduguye kuomba sabuni na nauli alipata "Barua kwa Kaka" ya Mlimani Park. Ukumbi uliangua kicheko, naye akacheka kuwapita wote. Kiranja, kijana mpole asiyemaliza maneno pasipo kuwataja baba na mama, alipata "Nawashukuru Wazazi" ya bendi hiyohiyo.

Kisha tukasoma jina la kijana mmoja wa dawati la nyuma, tukataja "Shida". Mbaraka Mwinshehe alikuwa amefariki tangu 1979, lakini hapakuwa na mtu ukumbini asiyeujua wimbo wake. Kijana huyo alikuwa na shati moja la shule, akilifua usiku na kulivaa asubuhi lingali na unyevu. Tulidhani tumepatia. Watu walicheka. Yeye alisimama, akaketi, akasimama tena, akatoka. Tangu usiku ule hadi karatasi ya mwisho ya mtihani hakuitwa tena kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Miaka mingi baadaye tulialikwa harusini Tanga, kukapigwa taarabu. Katikati ya wimbo mama mmoja aliinuka, akapita mbele ya watu kwa madaha, akamtunza mwimbaji. Jirani yetu akatunong'oneza, "Umemgusa huyo." Hakuna aliyekuwa amemtaja. Aliusikia mwenyewe, akauona ni wake, akainuka. Na huenda walikuwapo wengine walioguswa vilevile, wakabaki vitini wakitazama sakafu, wala hapana aliyewauliza. Tulikaa pale tukimfikiri yule kijana, ambaye sisi tulimwinua kitini kwa nguvu.

Tulionana naye mwaka 2009, stendi ya mabasi Morogoro, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu. Tukaanza kumwomba radhi. Akatukatiza.

"Bwana mshairi, wimbo ule ni mzuri sana. Nyumbani naupiga. Lakini siku ile hamkuniuliza."

Tukamwuliza sasa, baada ya miaka ishirini na miwili, angeuchagua upi. Alinyamaza kitambo, hata kondakta akaanza kugonga ubavu wa basi.

"Ule mliompa kiranja," akasema, akiinua mzigo wake. "Shati lile baba aliuza mbuzi kulinunua."