Nyota Itembeayo Juu ya Bodo

Msomaji mpenzi, ukitaka kuliona anga kama walivyoliona mababu zetu, ziache taa za jiji uende Bodo. Vuka Likoni kwa feri, panda matatu ya kwenda Lunga Lunga, pita Ukunda na Msambweni, kisha uiache barabara kuu uelekee baharini. Utafika penye mikoko na mashua ziendazo kisiwa cha Funzi. Ngoja jua lichwe, uketi ufuoni na wanao, muinue macho.

Mkiwa na subira, mtaona nyota isiyometameta ikitambaa kimya kimya. Hiyo si nyota bali ni chombo cha wanadamu. Watoto watakuuliza: ni nani aliyetangulia kupanda huko? Usikimbilie kumtaja Yuri Gagarin. Yeye alipanda Aprili 12, 1961. Aliyetangulia kuizunguka dunia alikuwa mbwa.

Jina lake Laika, mbwa koko aliyeokotwa katika mitaa ya Moscow, mfano wa wale tunaowafukuza kwa mawe majalalani. Novemba 3, 1957 alirushwa ndani ya Sputnik 2. Chombo hicho hakikuundwa kurudi, na waliomtuma walilijua hilo. Kwa miaka mingi ilisemekana kwamba aliishi siku kadhaa kisha akafa bila maumivu. Mwaka 2002 ukweli ulitoka: joto lilimuua saa chache tu baada ya kuruka.

Chombo kiliendelea kuzunguka na maiti yake hadi Aprili 1958, kilipoteketea. Njia yake ilivuka ikweta, nacho kilionekana kwa macho matupu. Basi huenda mvuvi fulani wa Bodo, akiwa katika ngalawa yake usiku, aliiona nyota ile ngeni asijue kwamba lilikuwa kaburi.

Afrika nayo ilitoa wake. Ham, sokwe aliyenaswa Kameruni akiwa mtoto, alipelekwa Marekani na kufundishwa kuvuta vishikio: akipatia, alipewa kipande cha ndizi, akikosea, alipigwa na umeme nyayoni. Januari 31, 1961 alirushwa kwa dakika 16 hivi, akaangukia baharini akiwa hai. Alikufa mwaka 1983.

Je, ilikuwa lazima? Wakati ule madaktari hawakujua kama moyo ungeendelea kupiga vyema mwili ukikosa uzito. Mbwa Belka na Strelka walipozunguka dunia na kurudi salama Agosti 1960, njia ya Gagarin ilifunguka. Lakini Oleg Gazenko, mmoja wa wanasayansi waliomwandaa Laika, alikiri mwaka 1998 kwamba waliyojifunza hayakutosha kuhalalisha kifo chake.

Pwani yetu pia ina historia yake angani. Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu. Ilichunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, ikaleta elimu kubwa. Ndani yake hamkuwa na kiumbe chochote chenye pumzi.

Kwa hiyo, msomaji, wanao wakiuliza tena, mtaje Gagarin, lakini usimsahau mbwa koko. Na kesho asubuhi, mkirudi mjini, mtoto akiokota jiwe ampige mbwa jalalani, mshike mkono.